Chumvi Isiyoombwa

Mzee mwenyekiti wa kamati ya mipaka aliuliza swali lake mara mbili, na mara zote mbili Elkanah aliitika kwa kichwa.

"Elkanah, ni kweli ulimpa Dishon shamba hili?"

Kichwa kikaenda juu, kikaja chini. Phelesia, mkewe, alikuwa amesimama nyuma pamoja na wanawake wengine. Alijua mumewe hakusikia hata neno. Miaka kumi na miwili ya kusimama kati ya mashine za jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba kando ya ziwa upande wa Homa Bay, ilikuwa imemla masikio. Halafu mwaka jana uvimbe wa koo ukamchukua sauti. Madaktari wa Kisumu walimwokoa roho, lakini sauti aliiacha huko huko, na kuandika hakuwahi kufundishwa. Sasa mtu akimtazama usoni na kuchezesha midomo, Elkanah huitika kwa kichwa kwa adabu, kama mgeni anayesalimiwa kwa lugha asiyoijua.

"Mmeona wenyewe," Dishon alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Dishon alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Elkanah, na mashamba yao yalipakana. Alikuwa amevaa koti siku hiyo, ingawa jua lilikuwa kali.

Elkanah alitazama nyuso za watu, akatambua kuna jambo limeharibika. Hapo mikono yake ikaanza. Alikunja ngumi, akazifungua, akagusa kiwiko, akapangusa kiganja kwa kiganja, haraka haraka, huku macho yakimtoka. Watoto waliokaa juu ya ua walicheka. Mmoja akaanza kumwigiza, na hakuna mtu mzima aliyemkemea.

Dishon akashusha sauti, kama mtu aliye matangani. "Ndiyo hiyo hali yake, bwana afisa. Hushinda hivyo kutwa nzima. Akili imemwacha. Mimi nataka shamba liandikwe kwa jina langu ili niwatunze, yeye na watoto wake."

Afisa wa ardhi aliitwa Monari, kijana wa kutoka Kisii, mwenye viatu vipya vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa udongo. Alifunga daftari, kidole kikiwa ndani. "Mzee, likishaandikwa kwa jina lako ni lako. Serikali haina mahali pa kuandika kutunza."

"Ndiyo, bwana. Nitamtunza."

Phelesia alijipenyeza mbele. "Bwana afisa, mume wangu si mwendawazimu. Hakusikia swali."

"Mama Milka," mwenyekiti alimkata, "wewe ni mtu wa nyumba yake. Ukimsemea wewe, ni kama umejisemea mwenyewe. Rudi nyuma."

Alirudi nyuma. Wanawake walimpisha zaidi ya vile ilivyohitajika, kama anayepita na kitu kinachomwagika.

Monari alimtazama Elkanah kwa muda, halafu akatazama kalenda yake. "Nitarudi Jumanne ijayo. Leteni mtu anayeweza kumsemea. Asiwe mke, asiwe mtoto, asiwe ndugu wa ukoo. Asipopatikana, nitaandika kile kichwa chake kilichosema."

Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima kabla ya saa ya chakula. Phelesia alipopita kisimani alisikia msichana akimwuliza mwenzake kama atamsaidia kubeba mtungi. Mwenzake akajibu, "Ngoja niulize kichwa changu."

*

Nyumbani aliandaa ugali na mboga za majani. Elkanah alinawa, akaketi, akamtazama mkewe. Akainua mkono wa kuume, akasugua kidole gumba juu ya ncha za vidole vyake, polepole, kama anayenyunyiza kitu. Phelesia akachukua mkebe wa chumvi, akamtilia nyingine kidogo juu ya mboga. Elkanah alitazama chumvi ikiyeyuka. Akala.

"Mama," alisema Milka, "hiyo mboga ilikuwa na chumvi tayari. Nilionja mimi."

Milka alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa akingoja mwezi uishe aende kuanza kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya misheni.

"Baba yako ameomba."

"Hata kwenye chai huwa anaomba?"

Ilikuwa kweli. Siku moja Elkanah alifanya vile vidole mbele ya kikombe cha chai, naye Phelesia, kwa kutaka amani, akatia chumvi kwenye chai. Mzee wa watu akainywa mpaka chini, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Wale wenzake wa jineri wako wapi?" Milka aliuliza. "Yule Mkisii mrefu, na yule mama wa hereni. Wao walikuwa wakizungumza na Baba kwa mikono hapa hapa mezani. Mimi nakumbuka."

"Kula chakula chako."

"Kwani waliacha kuja kwa nini?"

"Milka, nimesema kula."

Lakini Milka alikuwa anajua kwa nini, maana siku ile alikuwa mlangoni. Ziwa lilipopanda baada ya Uhuru, maji yaliingia ghala la jineri, yakaingia chumba cha mashine, na kazi ikafa. Wenzake Elkanah walitawanyika, lakini kila baada ya majuma machache walikuwa wakija kumwona. Walikunywa chai na kukumbushana. Waliongea kwa mdomo kidogo na kwa mikono sana, halafu wanacheka, halafu wanamtazama Phelesia, halafu wanacheka tena. Phelesia hakuipenda ile mikono. Alijiuliza ni mambo gani hayo ya watu wazima yasiyoweza kusemwa kwa mdomo mbele ya mwenye nyumba. Alasiri moja ya Sabato, alipotoka kanisani amechoka akawakuta tena, akaweka birika chini kwa nguvu.

"Jineri imekufa," aliwaambia. "Kama mnataka kuililia matanga, nendeni mkalilie ziwani. Hapa ni nyumba ya watu."

Onsongo, yule mrefu, alisimama akashukuru kwa chai. Rispa, yule wa hereni, alikusanya vikombe, akavioshea nje, akavifudikiza kimoja kimoja juu ya kichanja, kwa utaratibu. Wakaenda. Elkanah hakugombana na mkewe. Ila tangu siku hiyo hakuivaa tena kofia yake ya jineri.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Na alipopoteza sauti na mikono ikaanza kwenda peke yake, Phelesia alidhani ni ugonjwa mwingine umeingia juu ya ule wa kwanza. Kanisani alikuwa akimshikisha Biblia kwa mikono yote miwili ili itulie.

*

Siku ya soko alibeba debe la mahindi mpaka Kosele kusaga. Mashine ya kusaga ilinguruma hivi kwamba watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakifungua midomo kama samaki. Mwenye kupokea mahindi aliitwa Bonareri, mwanamke mnene aliyejaa unga hadi kope. Phelesia alimwona akiinua kichwa na kutazama ng'ambo ya barabara, halafu akaonyesha vidole viwili, akagonga kifundo cha mkono, akapangusa kiganja kwa kiganja.

Phelesia aligeuka. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya rundo la omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mwenye hereni alimjibu kwa mikono, akacheka.

Mikono hiyo Phelesia alikuwa ameiona nyumbani kwake. Aliliacha debe kwenye foleni, akavuka.

Rispa alimwona anakuja. Hakusimama. "Mama Milka. Umekuja kutufukuza na hapa pia? Hapa ni soko la serikali, nakwambia mapema."

"Sikuja kwa hilo, Rispa."

"Kama ni omena, kopo ni senti thelathini. Wa jineri na asiye wa jineri, bei moja."

Wanawake wa jirani waliacha kupepeta ili wasikie. Phelesia alijikunyata. Alikuwa amezoea kusimama mbele ya watu kanisani na kusoma matangazo, na sasa hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Wanataka kumnyang'anya Elkanah shamba," alisema. "Anatakiwa mtu wa kumsemea. Wanasema ni mwendawazimu kwa sababu ya mikono. Na mimi... mimi pia nilidhani hivyo."

Rispa aliweka chini kopo la kupimia. Halafu akasogeza kikapu. "Keti. Utazibia wateja."

Phelesia akaketi juu ya gunia.

"Habari ya koo lake tulisikia," Rispa alisema. "Tulikuja, mimi na Onsongo. Tukafika hadi kwenye ua wako, tukaogopa. Wazee wazima tumeogopa birika. Tukaweka sukari kilo mbili juu ya lile jiwe la langoni, tukarudi."

Phelesia aliikumbuka ile sukari. Alikuwa amesimama kanisani akawashukuru wamama wa Dorkasi, wale wa kusaidia wagonjwa, kwa hiyo, nao wakapokea shukrani.

"Analilia chumvi," alisema kwa haraka, ili asilie yeye. "Kila ninachompa, anataka chumvi. Hata chai."

"Chumvi? Elkanah? Yeye alikuwa hata yai anakula bila chumvi. Nionyeshe anavyoomba."

Phelesia aliinua mkono, akasugua kidole gumba juu ya ncha za vidole.

Rispa alianza kucheka. Alicheka sana, mpaka Bonareri kule kwenye mashine akatoa kichwa nje. Halafu kicheko kikakatika katikati, akajipangusa macho kwa ncha ya leso.

"Hiyo si chumvi, mama. Sikiliza. Pamba ikiletwa jineri, karani hushika kidogo, anaisugua hivi, kusikia uzi. Ikiwa nyeupe na laini, ni safi. Ikiwa na takataka na madoa, ni fifi, inatupwa upande ule. Sasa pale kwenye mashine huwezi kuita mtu kwa jina. Utapasuka koo na hatasikia. Kwa hivyo kila mmoja alikuwa na jina lake la mkono. Mimi ni sikio, kwa ajili ya hizi hereni. Onsongo ni kiwiko. Elkanah, ngumi mbili, unazivuta hivi, kama anayeshika mkanda wa mashine. Na mke wa Elkanah, ambaye hatukuwa tumemwona hata siku moja, yeye alimwita hivi." Akasugua vidole. "Safi. 'Safi amejifungua msichana.' 'Safi amenifungia viazi leo, njooni.' Sisi tulikujua wewe kwa jina hilo miaka kumi kabla ya kukuona sura."

Phelesia alitazama vidole vyake mwenyewe.

"Na ile siku ulitukuta tunacheka?" Rispa aliendelea. "Onsongo alikuwa anamwambia, Safi wako ana chai nzuri ila ana uso wa karani wa mizani."

"Kwa hiyo mwaka mzima ananiita jina langu."

"Mwaka mzima."

"Na mimi ninamtilia chumvi."

"Hata kwenye chai," Rispa alisema, na safari hii wakacheka wote wawili, ingawa Phelesia alikuwa na machozi mpaka kidevuni.

Alipoweza kusema, alisema, "Jumanne utakuja?"

"Nitakuja kwa ajili ya Elkanah. Si kwa ajili yako."

"Njoo kwa ajili ya yeyote."

"Na Onsongo lazima aje. Mimi ni mwanamke wa kuuza omena, hao wazee watanimeza. Yeye yuko Isebania, anatengeneza baisikeli pale mpakani."

"Isebania ni mbali. Nani atamfikishia habari?"

Rispa alimwonyesha kwa kidevu dereva wa lori la mahindi lililokuwa likipakia. "Yule alikuwa anabeba marobota ya pamba yetu kupeleka gatini. Akifika Awendo atampa habari mwenzetu wa kiwanda cha sukari nguru, aliyekuwa zamu ya asubuhi jineri. Huyo atamwambia kondakta wa basi la Migori. Kesho jioni Onsongo atakuwa anajua. Wewe ulifikiri jineri imekufa."

*

Jumapili Onsongo aliingia langoni akiwa ameshika kofia mkononi, akasimama pale pale kwenye jiwe la sukari mpaka Phelesia alipotoka kumpokea.

"Shemeji," alisema, "nikaribie, au nisimame hapa hapa?"

"Karibu ndani, shemeji. Birika leo haligombani na mtu."

Elkanah alikuwa ameketi nyuma ya nyumba akichonga mpini. Aliinua macho. Kisu kikaanguka. Akagusa kiwiko chake mara moja, mara mbili, mara tatu, na Onsongo akakunja ngumi mbili na kuzivuta, na wale wanaume wawili wenye mvi wakakutana katikati ya ua bila sauti yoyote, wakashikana mabega.

Rispa alikuja baadaye na kopo la omena. Phelesia alileta chai, na safari hii hakurudi jikoni. Aliketi pamoja nao mezani, na Milka akaketi kando yake, na Rispa akawa anawafasiria.

Phelesia aliyasikia siku hiyo mambo ambayo mumewe aliyatenda mchana wakati yeye alikuwa akidhani amekwenda tu kutafuta pesa. Alisikia jinsi nyuzi za pamba zilivyokuwa zikiwashukia vichwani hata kufika saa nne kila mtu, kijana na mzee, alikuwa na nyusi nyeupe, wakawa wanaamkiana "Shikamoo, babu." Alisikia jinsi zamu yao ilivyokuwa ya Waluo, Wakisii na Wakuria, na jinsi wote walivyokula kwenye sinia moja, na asiye na chakula hakuulizwa. Onsongo alipandisha mkono wa shati. Kwenye kiwiko kulikuwa na kovu pana linalong'aa.

"Mashine ilinishika hapa," alimwambia Milka. "Nilipiga kelele, nani atasikia? Baba yako alikuwa mwisho wa chumba. Hakusikia. Aliona. Aliona mkono wangu mwingine unasema 'mkanda', akauvua mkanda wa mashine kwa mikono yake mitupu, ukiwa unazunguka. Msimamizi alimkata mshahara wa siku mbili kwa kusimamisha kazi. Kesho yake watu kumi na tisa wa zamu yetu, kila mtu akatoa kidogo, tukaujaza."

Milka alichukua kiganja cha baba yake, akakigeuza. Katikati palikuwa na alama ya kuungua, mstari mpana kutoka gumba hadi kidole kidogo. Alikuwa ameiona maisha yake yote na hakuwahi kuuliza.

Halafu Rispa akamweleza Elkanah, kwa mikono, juu ya yale yaliyotokea Jumanne. Elkanah alikuwa hajui. Alikuwa akidhani wale watu walikuja kupima barabara. Alipofahamu ni kitu gani alichokiitikia kwa kichwa, alikaa kimya, yaani mikono yake ilikaa kimya, juu ya meza, muda mrefu hata chai ikapoa. Kisha akaanza kusema. Alisema mambo ya mwaka mzima. Onsongo alikuwa akiitikia na wakati mwingine akimsimamisha ili arudie.

"Ni kweli alimpa Dishon shamba?" Phelesia aliuliza.

"Shemeji," Onsongo alisema, "ngoja Jumanne. Mbele ya afisa litakuwa tamu zaidi."

*

Jumanne watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, maana habari ilikuwa imeenea kwamba bubu ameletewa mkalimani.

Dishon hakungoja kuulizwa. "Wazee, huyu ni muuza omena, na huyu ni fundi wa baisikeli wa Kisii. Wanajua nini juu ya shamba la ukoo wetu? Wamepangana. Yeye atarusha mikono, na huyu atasema anachotaka."

"Juu ya shamba sijui kitu," Onsongo alijibu. "Mimi najua mikono ya Elkanah, basi."

Wazee walinong'onezana. Monari alikuna shingo, halafu akachukua mkoba wake. "Haya. Wewe fundi, nenda ukasimame kule kwenye ua. Mbele zaidi. Hapo." Akamshika Elkanah mkono, akampeleka nyuma ya ghala, yeye na mwenyekiti peke yao, akafungua mkoba, akamwonyesha vilivyomo. Wakatoka. Kati ya Elkanah na Onsongo palikuwa na hatua arobaini na watu wote wa kijiji.

"Mwambie," Monari alisema, akionyesha kwa kidole.

Elkanah alivuta pumzi, akanyoosha mgongo. Phelesia alikuwa hajamwona akisimama hivyo tangu alipougua. Mikono ikainuka, lakini haikurukaruka kama juma lililopita. Ilikwenda kwa mpango, kituo kwa kituo, kama mtu anayesoma barua.

Onsongo aliita kutoka kwenye ua. "Anasema mkobani kuna utepe wa kupimia. Kuna chupa ya wino, kizibo chake kimevunjika. Ndizi mbili. Kuna barua imefungwa kwa uzi. Na soksi." Akakaza macho. "Soksi moja. Nyingine haipo. Hiyo iliyopo imetoboka kwenye kidole gumba."

Watu waliangua kicheko. Monari alitazama viatu vyake. Mwenyekiti, aliyeona mkoba kwa macho yake, alikohoa akasema, "Ni hivyo hivyo vilivyo. Hata kidole."

"Sasa muulize," Monari alisema, naye pia alikuwa akijizuia kucheka, "kama alimpa Dishon shamba."

Onsongo alikuja karibu, akauliza kwa mikono. Elkanah alijibu bila haraka.

"Anasema hakumpa shamba. Anasema alimpa Dishon jembe, mwaka wa sitini na tano, na mpaka leo hajalirudisha."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Hilo jembe nalijua mimi," na kicheko kikaanza upya.

"Anasema kitu kingine. Mama yake alikuwa na jiwe la kusagia, likavunjika vipande viwili. Baba yake alipokata shamba na nduguye, akazika kipande kimoja kwenye kona ya chini, chini ya mti wa tatu wa ojuok, yaani mnyaa, kutoka kwenye kijito. Kipande cha pili kiko kona ya juu, hatua saba kutoka kwenye kichuguu. Anasema alikuwa na baba yake siku hiyo, alishika jembe. Dishon alikuwa bado anabebwa mgongoni."

Walikwenda wote, kamati, afisa, wanawake, watoto. Walichimba chini ya ojuok wa tatu, wakijihadhari na ule utomvu wake mweupe, na kwa kina cha goti jembe likagonga jiwe. Walipanda hadi kona ya juu, wakachimba tena. Mwenyekiti alipiga magoti, mzee wa heshima zake, akaviweka vipande viwili kwenye nyasi na kuvisogeza. Vikashikana hata ukucha usingepita.

Dishon alivua koti lake, akalikunja mkononi.

Elkanah alimtazama binamu yake, akageuza kiganja chini, kama anayetupa kitu pembeni.

"Amesema nini?" Monari aliuliza.

"Hiyo sifasiri," alisema Onsongo.

"Fasiri," mwenyekiti aliamuru.

"Amemwita pamba fifi."

Monari aliandika muda mrefu. Alipofika mwisho wa karatasi aliinua kalamu. "Lazima niandike mashahidi ni nani wake. Nyinyi ni ndugu zake?"

"Hapana."

"Marafiki?"

Onsongo na Rispa wakatazamana, kana kwamba neno hilo ni nguo ya mtu mwingine. "Andika," Rispa alisema, "sisi ni wa zamu moja."

Monari alifikiri kidogo, akaandika hivyo hivyo. Phelesia alisogea nyuma ya bega lake kuona, akayasoma kwa sauti ili wanawake wote waliompisha juma lililopita wasikie. "Wa zamu moja." Na hakuna aliyemwambia arudi nyuma.

*

Wenzake Elkanah walikula, wakaondoka mapema ili Onsongo awahi basi. Milka alikuwa akifunga vitu vyake, maana kazi ya hospitali ilikuwa inaanza Alhamisi.

"Utafua mashuka na akina nani?" Phelesia alimwuliza.

"Sijui bado. Wasichana wengine."

"Wajue. Jua kwao ni wapi, jua mama zao. Na wakija hapa nyumbani wakicheka, na wacheke. Mimi nikinuna, niambie."

"Nikuambie kwa mdomo au kwa mkono?"

"Wewe mtoto."

Phelesia alimwandalia Elkanah ugali na omena ya Rispa. Mumewe alikuwa amevaa ile kofia yake ya jineri, imekunjamana kwa kukaa sandukuni, na pamba kidogo ya miaka mingi ilikuwa bado imenasa kwenye mshono. Alinawa, akaketi, akamtazama mkewe. Akainua mkono wa kuume, akasugua kidole gumba juu ya ncha za vidole.

Mkono wa Phelesia ulikwenda wenyewe kwenye mkebe wa chumvi. Ulikuwa umeshafungua kifuniko alipoushtukia. Akakirudisha kifuniko, akakibana. Halafu akakunja ngumi mbili, akazivuta, kama anayeshika mkanda.

Elkanah alitikisa kichwa. Akanyoosha mikono, akazishika ngumi za mkewe, akaisogeza ya kushoto chini kidogo, ya kulia juu kidogo, hivi. Akaziachia.

Phelesia akamwita tena.